Nimepata nafasi ya uzamivu wa usikivu, lakini mada ya msimamizi si swali langu

BARUA YA MSOMAJI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mtaalamu wa audiolojia mwenye shahada ya uzamili, mke na mama wa watoto wawili ambao mdogo wao ndiyo kwanza ameanza shule. Kazi yangu ni kupima usikivu wa watu wazima na watoto, kuwachagulia na kuwarekebishia mashine za masikio, na kukaa na wazazi ambao wametoka kuambiwa kwamba mtoto wao hasikii. Upande wa usikivu tuko wawili tu katika kitengo chetu, na mwenzangu ni kijana aliyehitimu juzijuzi. Chumba cha pili ni cha mtaalamu wa tiba ya usemi, ambaye huwapokea watoto waliochelewa kuzungumza, watu wenye kigugumizi, na wazee waliopotewa na lugha baada ya kupata kiharusi.

Kuna wagonjwa wa aina moja ambao wamekuwa wakinikosesha usingizi. Mtu huja akilalamika kwamba hawasikii wenzake vizuri kwenye kikao, harusini, au mahali popote penye kelele. Namwingiza katika chumba kisichopitisha sauti, namvisha vipokea sauti, namkabidhi kitufe na kumwambia akibonyeze kila anaposikia mlio, hata uwe hafifu kiasi gani. Kuanzia milio mizito ya hezi 250 hadi milio myembamba ya hezi 8,000 anabonyeza kila panapostahili. Chati inatoka safi, hakuna mlio hata mmoja uliohitaji kuongezwa sauti kupita desibeli 20 ndipo ausikie. Namwambia usikivu wake ni wa kawaida, naye ananitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba anasingizia ugonjwa. Mmoja wao, mwalimu wa shule, aliniuliza: “Kama masikio yangu ni mazima, mbona darasani naitikia kwa kichwa tu ilhali sijaelewa mtoto amesema nini?” Sikuwa na jibu la kumridhisha. Majaribio ya kusikiliza maneno ndani ya kelele ambayo tunayo yametungwa kwa lugha ambayo wagonjwa wangu wengi waliisomea darasani tu, kwa hiyo mtu akikosea siwezi kujua kama sikio ndilo lililoshindwa au ni msamiati.

Kwa sababu ya swali hilo niliomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu katika sayansi za usikivu na usemi, nami nimekubaliwa katika chuo cha nje ya nchi. Nilifurahi hadi nilipoongea na profesa atakayenisimamia. Ni mtu mwenye jina kubwa, na alizungumza nami kwa upole, lakini mada ameshaipanga ndani ya mradi wake: anachunguza viungo vidogo vinavyounganisha seli za usikivu na neva, na kazi yangu itakuwa kurekodi mawimbi ya umeme ya neva hiyo kwa watu wanaojitolea, na kuyalinganisha na data za wanyama walizokwisha kuzikusanya. Nilipomwambia kuhusu jaribio ninalotaka kulitunga kwa lugha ya wagonjwa wangu, alisema ni wazo zuri ambalo “tunaweza kulitazama baadaye”. Ufadhili ni wa miaka mitatu. Wanafunzi wake, nilivyosikia, huchukua zaidi ya hapo.

Mume wangu hanizuii. Usiku mmoja tu aliniuliza, “Ukirudi utakuwa umebadilisha nini, zaidi ya herufi mbele ya jina lako?” Swali hilo limenikaa moyoni kwa sababu lina ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Baadhi ya madaktari ninaofanya nao kazi huniona kama mtu wa mashine. Wananiletea mgonjwa wakitaka chati, na nikiandika maoni yangu chini ya chati hiyo hakuna anayeyasoma. Sehemu ya moyo wangu inaitaka shahada hii ili waanze kuyasoma. Je, hiyo ni sababu ya kuiacha familia?

Halafu kuna watoto wachanga. Sisi hufuata utaratibu unaojulikana duniani: mtoto apimwe kabla hajatimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita, kwa kuwa lugha haingoji. Nikiondoka, kijana wangu atabaki peke yake na foleni hiyo. Rafiki mmoja ananishauri niachane na utafiti, nitafute shahada ya udaktari ya kitabibu, ambayo ni fupi na itanipa jina lilelile. Mama yangu anasema umri umekwenda. Chuo kinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Naomba unisaidie kufikiri.

Ni mimi, niliye njia panda.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nilipoirudia nilizidi kukuheshimu, kwa sababu umesema jambo ambalo waombaji wengi wa shahada hii hulificha hata kwa nafsi zao. Umeniuliza uende au usiende. Hata hivyo, ndani ya swali hilo naona mambo kadhaa yaliyofungamana: swali la kitaalamu ambalo wagonjwa wako wamekuachia, heshima unayoikosa kazini, watoto unaohofia kuwatelekeza, na mume ambaye pengine bado hajasema lote lililo moyoni mwake. Yanahitaji kutenganishwa kabla ya kuamuliwa, kwa kuwa shahada ya uzamivu inaweza kulijibu moja vizuri sana na kuliacha jingine palepale lilipo.

Nianze na heshima, kwa kuwa ndiyo uliyoitaja kwa sauti ya chini. Kutaka maoni yako yasomwe si majivuno. Mtaalamu asiyesomwa hufanya nusu ya kazi yake, na anayeumia ni mgonjwa. Lakini hebu tuidadisi kidogo imani kwamba jina la Daktari ndilo litakaloyafanya yasomwe. Marekani wataalamu wa audiolojia wanaoingia kazini siku hizi husoma shahada ya udaktari ya kitabibu, inayoitwa AuD, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne baada ya shahada ya kwanza. Wote huitwa Daktari, na bado mvutano kati yao na madaktari wa masikio, pua na koo kuhusu mipaka ya kazi ya kila upande haujaisha. Mwenzako wa tiba ya usemi, akiwa huko huko Marekani, angeingia kazini kwa shahada ya uzamili tu, na sidhani kama kazi yake ingekuwa duni kwa sababu hiyo. Ninachojaribu kusema ni kwamba desturi ya kutoyasoma maoni yako huenda ina mizizi katika namna kitengo chenu kinavyopanga kazi: nani anahudhuria kikao cha wagonjwa, fomu ya rufaa ina nafasi ya maoni au ya chati pekee, nani anampigia nani simu. Baadhi ya hayo yanaweza kuanza kubadilika kabla hujafunga sanduku la safari, na mengine yanaweza kukukuta vilevile utakaporudi na tasnifu yako mkononi.

Hapo ndipo ushauri wa rafiki yako unapohitaji kupimwa. Shahada hizo mbili zinafanana kwa jina la heshima tu. Ya kitabibu humwandaa mtu kuhudumia wagonjwa, kazi ambayo tayari unaifanya kwa ujuzi, ilhali uzamivu humfundisha mtu kulichukua jambo ambalo hakuna anayelijua na kulitengenezea njia ya kulijua. Aidha, nje ya Marekani shahada ya AuD haijaenea sana, na waajiri wengi pamoja na vyuo hawaihesabu sawa na uzamivu. Ukiifikiria, waulize kwanza wale watakaokuajiri na kukusajili wataipa uzito gani. Inaweza kukufaa ikiwa kiu yako ni ya ustadi zaidi katika mambo ambayo uzamili haukukupa nafasi ya kuyazamia, kwa mfano vipandikizi vya koklea, yaani ile sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, au matatizo ya msawazo wa mwili. Lakini barua yako haina kiu hiyo. Ina mwalimu wa shule anayeitikia kwa kichwa.

Sasa tumtazame profesa na mada yake, maana hapa ndipo nadhani umeona ukuta mahali ambapo huenda kuna mlango. Umelipokea jambo hili kana kwamba yeye anataka kuchunguza viungo vya neva na wewe unataka kuwasaidia watu wasiosikia ndani ya kelele, na kwamba hizo ni njia mbili zisizokutana. Kumbuka historia ya mada hiyo. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walichapisha matokeo ya panya waliowekwa kwenye kelele kubwa kwa muda mfupi. Vipimo vya usikivu vya panya hao vilishuka, kisha vikarudi katika hali ya kawaida, na seli zao za usikivu zilikuwa hai. Hata hivyo, walipoziangalia sinapsi zinazoziunganisha seli hizo na neva, waligundua kwamba katika sehemu za koklea zinazopokea sauti za juu, karibu nusu yake zilikuwa zimepotea na hazikurudi. Panya hao, kwa maneno mengine, walikuwa na chati safi na neva iliyopungua. Tangu hapo watafiti wengi wamejiuliza kama jambo hilohilo ndilo linalomfanya binadamu mwenye chati nzuri ashindwe kufuata mazungumzo ukumbini. Kwa binadamu aliye hai ushahidi umekuwa wa kupishana, kwa kuwa hatuwezi kuitoa koklea yake na kuzihesabu sinapsi, na mawimbi ya umeme unayotakiwa kuyarekodi hutofautiana mno kati ya mtu na mtu kwa sababu nyingine kabisa, kama vile umbo la kichwa. Unaona, basi, kwamba profesa anamtafuta mgonjwa wako yuleyule, ila anamtafutia upande wa ndani.

Sikuambii haya ili uikubali mada yake. Nakuambia ili usiikatae kwa kudhani kwamba haiwahusu watu wako. Kile kifaa kidogo unachokitia kwenye sikio la mtoto mchanga, kinachotoa milio na kungoja mwangwi kutoka ndani ya koklea, kipo kwa sababu mwanafizikia wa Uingereza, David Kemp, alitaka kujua kama sikio linaweza lenyewe kutoa sauti, na mwaka 1978 akachapisha ushahidi kwamba linatoa. Leo watoto wachanga hupimwa kwa kutumia ugunduzi huo. Kwa upande mwingine, Raymond Carhart, ambaye wengi humwita baba wa audiolojia, alikuwa mtu wa sayansi ya usemi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipewa kazi ya kuwahudumia askari waliopoteza usikivu katika hospitali ya jeshi ya Deshon huko Pennsylvania, na haja ya kujua askari huyu anafaidika kiasi gani na mashine hii, kwa maneno anayoyasikia na si kwa milio pekee, ndiyo iliyompa maswali aliyoyaendeleza baadaye katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Fani yetu imekuwa ikilishwa kutoka pande zote mbili, maabara na chumba cha mgonjwa, nami sioni haya kukiri kwamba moyo wangu huelekea zaidi upande wa pili.

Kwa hiyo hebu tulichukue jaribio lako kwa uzito unaostahili, kwa sababu nina shaka kwamba hata wewe mwenyewe hujaona ukubwa wake. Ipo njia moja ambayo imeenea katika lugha nyingi, nayo ni jaribio la tarakimu ndani ya kelele. Cas Smits na wenzake wa Uholanzi walilitangaza mwaka 2004 likiwa kipimo cha kupigiwa kwa simu: mtu anasikia tarakimu tatu ndani ya kelele, anazibonyeza, na kila akipatia sauti inapunguzwa, akikosea inaongezwa, mpaka kipatikane kiwango ambacho anapatia nusu ya mara zote. Tarakimu hufahamika na karibu kila mtu anayezungumza lugha, awe amesoma au hakusoma, na hilo linaliondoa lile tatizo lako la msamiati kwa sehemu kubwa. Lakini kulitunga upya kwa lugha nyingine si kusoma namba mbele ya kinasa sauti. Inabidi sauti ya msomaji irekodiwe vizuri. Kelele itengenezwe iwe na mgawanyo uleule wa nguvu za sauti kama wa msomaji huyo. Kila tarakimu ipimwe kwa wasikilizaji wengi, kisha iongezwe au ipunguzwe mpaka zote ziwe na ugumu unaolingana. Na mwisho viwango vya kawaida vipatikane kwa watu wenye usikivu mzuri kabla hujathubutu kumwambia mgonjwa hata mmoja kwamba ameshindwa. Je, tarakimu zenye silabi chache zichanganywe na zenye silabi nyingi, au zile ndefu ziachwe kwa sababu zinajitambulisha kwa urefu wake? Je, anayezungumza lahaja nyingine apewe viwango vilevile? Hizo ni sura nzima za tasnifu, binti yangu. Neno la profesa, “baadaye”, linaweza kuwa na maana kwamba halitaki, na linaweza pia kuwa na maana kwamba anajua lilivyo zito na hataki ulianze ukiwa na miaka mitatu tu ya ufadhili. Hujamuuliza alikusudia lipi.

Muulize. Mwandikie ukurasa mmoja, usizidi, ukimweleza kwamba kundi la watu wenye chati nzuri na malalamiko ya kelele, likipimwa kwa jaribio la lugha yao na pia kwa mawimbi ya neva, lingeipa mradi wake kitu ambacho pengine hana: wagonjwa halisi badala ya wanafunzi wa chuo wanaojitolea. Pendekeza awepo msimamizi wa pili kutoka upande wa sayansi ya usemi, na uulize kama sehemu ya data inaweza kukusanywa kwenu, katika kitengo chako, kwa kibali cha kamati za maadili za pande zote mbili. Mipango ya namna hiyo ipo, ya mwanafunzi kukaa chuoni kwa vipindi na kurudi nyumbani kukusanya data. Ina ugumu wake: vibali huchelewa, chumba chako cha kupimia kitahitaji mashine iliyorekebishwa kwa viwango vinavyolingana na vya maabara yao, na mwanafunzi aliye mbali husahaulika kwa urahisi. Lakini jibu lake kwa ukurasa huo litakuonyesha mengi kuhusu miaka utakayoishi chini yake. Akikupinga kwa hoja, hilo ni jema. Akinyamaza, au akijibu mambo usiyomuuliza, nalo lizingatie.

Zungumza pia na wanafunzi wake wa sasa, na hasa walioondoka. Waulize nani aliamua mada zao, huonana naye mara ngapi, jina la nani hutangulia kwenye makala, na walioingia mwaka wa nne waliishi kwa fedha gani. Hilo la mwisho sitalirefusha: ufadhili wa miaka mitatu kwa kazi ambayo mara nyingi huchukua minne au zaidi ni pengo linalojulikana tangu mwanzo, na chuo kinaweza kukueleza kwa maandishi jinsi kinavyoliziba. Jambo moja ambalo wataalamu wa hospitali husahau ni usajili wao wa kazi. Ulizia kama unaweza kuudumisha ukiwa masomoni, na kama utaruhusiwa kuona wagonjwa huko hata kwa saa chache, kwa sababu mikono iliyokaa miaka mingi bila kumshika mtoto anayelia huku ikimwekea kifaa sikioni hupoteza wepesi wake.

Nimefika kwa watoto wachanga, nami napenda niende taratibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba kufikia mwaka 2050 watazidi milioni 700. Mtu anaweza kuzitumia takwimu hizo kukuambia uende, kwa kuwa bila watafiti na wakufunzi idadi hiyo haihudumiki, na mwingine anaweza kuzitumia kukuambia ubaki, kwa kuwa kila mikono miwili inahesabika. Kwangu mimi hazimfuti mtoto mmoja wa miezi miwili aliyeko kwenye foleni yako leo. Hofu yako ni ya haki. Ninachotaka uitazame upya ni dhana kwamba kijana mwenzako atabaki alivyo sasa. Unapomtaja unamwita “kijana wangu”, na ndani ya neno hilo nahisi bado unamshika mkono. Anaweza kuthibitisha tatizo la mtoto mchanga kwa kupima mawimbi ya umeme ambayo shina la ubongo hutoa linapopokea sauti, bila wewe kuwapo? Anaweza kumrekebishia mtoto huyo mashine ya kwanza na kuwaeleza wazazi bila kuwatisha? Ikiwa hawezi, hilo ni jambo la kushughulikia hata kama huendi popote, maana foleni inayotegemea mtu mmoja huyumba siku mtu huyo akiugua. Ikiwa itachukua mwaka kumfikisha hapo, basi huo ni mwaka wa kuuomba chuoni, na utakuwa na sababu nzuri ya kuutaja.

Kuhusu mumeo, umelisoma swali lake kama shutuma, na huenda lilikuwa hivyo. Lakini mtu anayeuliza “utakuwa umebadilisha nini” pengine anaomba kuonyeshwa kitu ambacho kwa ajili yake anaweza kuvumilia miaka ya kulea peke yake, au ya kuhama na kuanza upya mahali ambapo hana kazi. Je, umewahi kumweleza habari za yule mwalimu wa shule kama ulivyonieleza mimi? Mketishe, umweleze jaribio lenyewe, ikiwezekana mtilie masikioni sauti ya mtu anayezungumza ndani ya kelele, asikie mwenyewe. Kisha na wewe umuulize anachokihofia, na usimjibu siku hiyohiyo. Watoto nao wana umri wa kuambiwa jambo, walau yule mkubwa. Mama yako anasema umri umekwenda, nami kwa heshima zote sikubaliani naye: katika fani hii mtu anayeingia kwenye utafiti akiwa ameshaona wagonjwa wengi huja na maswali ambayo kijana wa miaka 24 hawezi kuwa nayo. Anachoweza kuwa anakiona mama, na ambacho hakina ubishi, ni kwamba una majukumu ambayo kijana huyo hana.

Zipo njia ambazo barua yako haikuzigusa. Unaweza kukubali ukiomba kuahirisha kwa mwaka mmoja. Unaweza kuiacha nafasi hii na kutafuta msimamizi mwingine ambaye kazi yake ni majaribio ya usemi, ukijua kwamba atakuwa na jina dogo zaidi na pengine muda mwingi zaidi wa kukaa nawe. Au unaweza kuanza kidogo hapo ulipo: kwa kibali cha maadili, wape wagonjwa wenye chati safi dodoso la kueleza wanavyosikia katika mazingira mbalimbali, kama lile la watafiti Gatehouse na Noble la mwaka 2004 linaloitwa SSQ, likishatafsiriwa na kuhakikiwa kwa utaratibu unaokubalika, na urekodi tarakimu za majaribio pamoja na mwenzako wa tiba ya usemi, ambaye anazijua sauti za lugha yenu kuliko mimi na wewe. Hiyo ya mwisho ina hatari yake, nami nimeiona ikiwapata watu: shughuli za kila siku huimeza, na baada ya muda linabaki jalada kwenye kabati. Lakini ikifanikiwa, hata kwa makala moja fupi, utakwenda kwa msimamizi yeyote ukiwa na data mkononi, na mazungumzo kuhusu mada ya nani itangulie yatakuwa tofauti. Huenda hata madaktari wako wakawa wa kwanza kutaka kuisoma.

Muda uliobaki unatosha kwa barua mbili na mazungumzo mawili. Andika kwa profesa wiki hii, maana watu wa aina yake hawajibu upesi. Kwa ofisi ya udahili andika barua tofauti, ukiuliza mambo mawili tu: kama nafasi inaweza kusogezwa mbele, na ikisogezwa, kama ufadhili nao husogea pamoja nayo au hurudi kwenye mfuko kugombewa upya. Usikubali kujibiwa la kwanza bila la pili, kwa sababu kuna vyuo ambavyo huihifadhi nafasi bila kuzihifadhi fedha. Majibu hayo yakishafika, na mumeo akishasema lake, niandikie tena ikiwa utaona bado kuna fundo, hata kama uamuzi wenyewe utakuwa umeshaufanya.

Wako katika ushauri,
Mwalimu